Springi, nondo au diski ya trekta: chuma kipi kwa kijembe kipi

Nina vijembe viwili vya kupalilia vinavyoning'inia kwenye msumari mmoja nyuma ya mlango wa jikoni. Ukivitazama kwa haraka utasema mapacha: vilifuliwa na fundi mmoja hapa Tabora, ndani ya juma moja, na vyote vina mipini ya mpera. Kimoja kilitokana na nondo ya milimita 16 iliyobaki tulipojenga choo. Kingine kilitokana na kipande cha springi ya pikapu. Huu ni msimu wa tatu. Cha nondo kimelika hadi kimepungua upana wa vidole viwili, na sikumbuki nimekinoa mara ngapi. Cha springi kina umbo lake bado, ila kina pengo upande wa kushoto, pale kilipokutana na jiwe.

Basi mtu akiniuliza chuma gani kizuri cha kufulia zana za bustani, namrudishia swali: unataka kijembe chako kife kifo gani? Zana ya bustani ina vifo vitatu. Hupinda, huvunjika, au hulika. Hakuna chuma chakavu kinachokwepa vyote vitatu. Kinachogoma kupinda huwa tayari kuvunjika, na kinachokubali kupinda hulika upesi. Ukishaamua kifo unachoweza kukivumilia, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha, na kule kwa wauza skrepa hutababaishwa na kitu kwa sababu tu ni kizito na kinang'aa.

Siri yenyewe ni kaboni. Nondo ya kawaida huwa na kaboni chini ya asilimia 0.3. Springi ya gari huwa karibu asilimia 0.6. Diski za kulimia hutofautiana, baadhi hupanda zaidi ya hapo, na tupa ya kunolea hupita asilimia 1. Tofauti hizo zinasikika ndogo, lakini ndizo zinazoamua kama chuma kikizimwa ghafla, yaani kikitumbukizwa cha moto kwenye maji au mafuta, kitakuwa kigumu au kitabaki kama kilivyokuwa.

Nondo

Nondo ndiyo rahisi kuliko zote kupatikana. Kila penye nyumba inayojengwa kuna vipande vya nusu mita ambavyo hakuna anayevihitaji. Kwenye moto ni tiifu. Unaipasha hadi rangi ya chungwa lililoiva, au hata zaidi hadi manjano, unaigonga, nayo inafuata nyundo. Mgeni wa uhunzi aanze na nondo na si kitu kingine, kwa sababu inasamehe. Ukiacha ipoe kidogo ukaendelea kuigonga haipasuki. Fundi yeyote wa kuchomelea ataiunga na chuma kingine bila ufa. Ikipinda shambani, unaiweka juu ya jiwe unainyoosha, kazi inaendelea.

Tatizo lake ni makali. Udongo wetu huku, ukiacha mbuga, yaani ule mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, ni kichanga, na kichanga ni msasa. Kila pigo la kijembe linakwangua chuma. Nondo haiwezi kugomea hilo. Wapo wanaosema nondo za siku hizi ni ngumu, na si uongo, kwani nyingi hupozwa kwa maji pale kiwandani zikiwa bado nyekundu, na ganda la nje linakomaa. Ila ukishaitia kwenye moto wa mhunzi ikaiva, ugumu ule umekwenda. Umebaki na chuma laini.

Kuna jambo jingine: nondo hazifanani. Nyingi huyeyushwa kutoka kwenye chakavu kilichochanganyika, hivyo moja inaweza kukomaa kidogo ikizimwa kwenye maji na nyingine isikomae kabisa. Kipimo ni rahisi, na kinafaa kwa chuma chochote usichokijua asili yake. Pasha ncha yake hadi chungwa, itumbukize kwenye maji, kisha ipitishie tupa. Tupa ikiteleza kama inapita kwenye kioo, chuma kina kaboni ya kutosha. Ikiuma na kutoa unga, hicho ni cha kupinda, si cha kukata. Mwenye grenda anaweza pia kusoma cheche: chuma laini hutoa michirizi mirefu iliyonyooka, na chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka na kutawanyika kama fataki.

Kwa hiyo nondo iende wapi? Kwenye meno ya reki. Kwenye uma wa kuhamishia samadi. Kwenye kijiti cha kutobolea mashimo ya miche ya vitunguu, kulabu za kamba, pete za kushikilia mpini. Kazi ambazo chuma kikipinda hakuna hasara. Kijembe cha kupalilia mchicha pia, kama una tupa nyumbani na huoni tabu kukinoa kila Jumamosi. Mimi nilifanya hivyo misimu miwili na sikufa.

Springi

Nilipopeleka kipande cha springi kwa mara ya kwanza, mzee, fundi wangu, alikipima kwa kukigonga na nyundo, akasikiliza mlio wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiki umekitoa wapi?"

"Kwenye gari lililolala gereji, mzee. Jani lake lilivunjika."

"Lilivunjika wapi? Maana chuma kilichovunjika sehemu moja, mwanangu, kimeshachoka na sehemu nyingine ambazo huzioni."

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba springi nayo huchaguliwa. Jani la springi limeinuka na kushuka mara zisizohesabika, na nyufa ndogo huanzia kwenye tundu la katikati na pembezoni mwa pale lilipovunjikia. Chukua majani mafupi ya chini ambayo hayajavunjika, au kata mbali na tundu. Springi ya pikapu ina unene wa milimita 6 hadi 8 hivi, na hiyo ndiyo saizi ya vijembe, mundu na visu vya kupalilia. Ya lori, milimita 10 na kwenda juu, ni ya sululu na shoka. Ukitaka kufua mundu kwa springi ya Fuso, andaa gunia la mkaa na mtu wa kupokezana naye nyundo.

Ni ngumu chini ya nyundo hata ikiwa imeiva, na ina mpaka wake kwa pande zote mbili. Ikishuka hadi rangi ya damu ya mzee, acha kugonga, rudisha motoni, la sivyo utaipasua kwa ndani. Ikipanda hadi nyeupe na kurusha cheche, umeiunguza, na hakuna dawa zaidi ya kukata kipande hicho na kukitupa.

Faida yake inakuja baada ya kufua. Springi ikizimwa vizuri na kulainishwa kidogo, inakaa na makali msimu mzima huku ikibaki na ustahimilivu wa kutikiswa. Neno lenyewe la kuzingatia ni *vizuri*. Mundu wangu wa kwanza wa springi niliuzima kwenye ndoo ya maji kwa haraka ya kijana. Ukalia "ti!", mlio mdogo tu, na nilipoutoa ulikuwa na ufa kuanzia makali hadi mgongoni. Mzee hakusema kitu. Aliutupa kwenye lundo la vyuma vyake akachukua nyundo.

Springi inataka mafuta. Wengi hutumia oili chafu ya injini kwa kuwa ni ya bure, lakini moshi wake una mabaki ya metali na dawa za kiwandani, na ukishauvuta mara mbili tatu utajua kwa nini siipendekezi. Sisi tuna bahati ya kuwa kwenye njia ya reli moja na Kigoma. Mawese yanafika hapa kwa madumu, na mawese yanaipoza springi kwa mwendo unaofaa: taratibu kuliko maji, upesi kuliko hewa. Asubuhi za Juni na Julai hukuta yameganda kama samli, hivyo yapashwe kwanza hadi yawe mepesi na ya moto mkononi, nyuzi 50 au 60 hivi. Tumia lita nne au tano, si kikopo cha lita moja, ili yasichemke ghafla na kuwaka. Kuwe na chombo cha chuma chenye kifuniko, na mchanga mkavu karibu. Yakishika moto, funika. Usimwage maji juu ya mafuta yanayowaka hata kama jirani anapiga kelele umwage. Na ujue kwamba mtaa mzima utadhani unakaanga migebuka.

Kujua wakati wa kuzima, ning'iniza kwenye waya sumaku ya spika mbovu. Chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Kwa springi, subiri kidogo baada ya hapo, rangi ipande kidogo tu, kisha kiingize kwenye mafuta kikiwa kimesimama wima, usikilaze. Sasa ni kigumu mno, na ukikiangusha kwenye sakafu kinaweza kukatika kama kigae. Sugua upande mmoja kwa kipande cha tofali au msasa hadi ung'ae, halafu pasha tena taratibu kuanzia mgongoni na kwenye mkia, mbali na makali. Utaona rangi zinatambaa: ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha buluu. Kisu cha kuvunia mboga, simamisha kwenye kahawia. Kijembe kinachokutana na mawe, acha makali yafike zambarau au buluu, karibu nyuzi 280 hadi 300. Kile changu chenye pengo nilikisimamisha mapema, kwenye rangi ya majani makavu, kwa uchu wa makali. Jiwe likanijibu.

Diski, na ule mkia wa zamani

Diski ya trekta iliyolika ni mali ambayo wengi hawaioni. Ina unene wa milimita 4 hadi 6, ina kaboni ya kutosha, imekomazwa kiwandani kwa kazi ile ile ya kupasua udongo, na tayari ina mbinuko. Jembe linataka mbinuko huo. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haihitaji moto. Chora umbo kwa chaki, kata kwa grenda, mwagia maji mara kwa mara ili ukingo usigeuke buluu, kisha noa. Ukikata kwa gesi au ukiiacha iive, unafuta ugumu uliotengenezwa kwa mashine na kujitwisha kazi ya kuurudisha.

Kwa mtu asiye na tanuri ila ana rafiki mwenye grenda, diski inaishinda springi. Kwa mtu mwenye tanuri ila hana umeme, springi inaishinda diski. Sioni haja ya kuzunguka zaidi.

Shida ya diski ni shingo: mpini utakaa wapi? Watu hukimbilia kuchomelea kipande cha bomba. Kinashika siku hiyo, na baada ya wiki chuma kinakatika kando ya mshono, si kwenye mshono wenyewe. Chuma chenye kaboni nyingi hakipendi joto kali la ghafla linalofuatiwa na kupoa ghafla. Kama lazima uchomelee, pasha kwanza eneo lote hadi mate yachemke juu yake na kuruka, chomelea, kisha lifukie kwenye majivu ya moto lipoe usiku kucha. Au toboa matundu matatu ufunge kwa ribiti. Mimi naamini ribiti.

Springi haina shida hiyo ukikubali kurudi kwenye mtindo wa wazee. Majembe yaliyokuwa yakitumika Unyamwezi kabla ya majembe ya dukani hayakuwa na tundu la kuingiza mpini. Yalikuwa na mkia mrefu uliochongoka, ukapenya kwenye kifundo kinene cha mpini. Majembe ya namna hiyo yalifuliwa na Warongo wa kaskazini, upande wa Ziwa Viktoria, yakaletwa hadi hapa, na yalilipiwa mahari. Mtindo huo unaifaa springi kwa sababu hauna mshono hata mmoja. Unavuta mkia kutoka kwenye kipande kile kile, unauacha laini kwa kutouzima, unaupasha na kuuchoma ndani ya kifundo cha mti hadi utokeze upande wa pili. Kila pigo la jembe linaukaza zaidi. Tundu la bomba, kila pigo linalilegeza.

Kwa mpini wenyewe, mpera unavumilia mishtuko. Mninga ni mzuri kwa macho, lakini ni mti wa fanicha, unachanika kwenye kifundo.

Vingine, kwa kifupi

Tupa iliyochakaa inavutia kwa kuwa ina kaboni nyingi, na ndiyo hiyo hiyo inayoiponza. Ni ya kisu kidogo cha kupandikizia miche ya miembe na michungwa, si ya kitu kinachogonga ardhi. Sugua meno yake yaishe kabla ya kufua, maana kila jino linalokunjwa ndani ni mwanzo wa ufa.

Springi ya mviringo ya gari dogo, ukiinyoosha, inakupa fimbo ya milimita 10 hadi 14. Kwa uma wa kuchimbulia viazi vitamu kwenye udongo uliokauka inaizidi nondo mbali sana. Ila usiifungue mwenyewe kutoka kwenye gari. Imebanwa, na ikifyatuka inaua.

Mabomba ya maji na kitu chochote chenye mng'ao wa bati, usikitie motoni. Mng'ao huo ni zinki, na moshi wake unaleta homa usiku ule ule. Shokapu pia iache; imefungwa pande zote na ina mafuta ndani, ikipashwa inalipuka.

Na reli. Kila anayefika Tabora anafikiria reli, maana mji umeishi na njia hiyo tangu 1912, miaka miwili kabla haijafika Kigoma. Chuma chake ni kizuri, kaboni yake inaikaribia au kuipita ya springi. Lakini ni mali ya umma, na anayekuuzia kipande chake, au pini na vibanio vyake, anakuuzia kesi. Fundi wangu ana kipande kimoja kama fuawe lake, alichorithi kwa babake, na hata hicho hukifunika gunia akiona watu asiowajua.

Kununua au kufua

Nikiulizwa jembe kubwa la kulimia matuta, jibu langu huwakera wahunzi: nenda dukani. Jembe la kiwandani limekandamizwa kwa mashine kutoka bamba moja, uzito wake umesawazishwa, na hutalifua kwa mkaa wa bei ya leo ukabaki na faida. Wazee wanaokumbuka majembe ya UFI, kile kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, watakuambia ya sasa si kama yale, na nakubaliana nao kwa baadhi, lakini hata hilo dhaifu ukilikata na kulinoa upya linamaliza msimu.

Kufua kunalipa kwenye zana ndogo. Kijembe chembamba cha kupita kati ya mistari ya karoti hakiuzwi. Vile vijiko vya kuhamishia miche vinavyouzwa ni bati lililokunjwa, vinapinda kwenye mbuga siku ya kwanza ya jua. Mundu wa mkono wa kushoto hakuna duka lenye nao. Mke wangu anatumia wa kushoto, na wa kwake ni wa springi, umesimamishwa kwenye zambarau, una miaka minne. Hapo ndipo springi inapolipa mkaa wake.

Bustani yako ikiwa kwenye kichanga cha juu kisicho na mawe, chukua diski, au springi uliyoisimamisha kwenye kahawia, kwa sababu adui yako ni kulika. Ikiwa kwenye changarawe au karibu na vichuguu vilivyovunjwa, chukua springi hiyo hiyo lakini iende hadi buluu, au kubali nondo na tupa ya kila Jumamosi. Kwenye mbuga wakati wa masika, kuanzia Novemba, ugumu hausaidii sana kwa kuwa udongo umelainika. Linalosaidia ni uso uliosuguliwa ukang'aa, ili tope lisigande. Nondo iliyosuguliwa vizuri itaishinda springi yenye magamba ya moto. Wakati wa kiangazi mbuga hiyo hiyo inapasuka na kuwa tofali, na hapo unataka sululu ya springi ya lori, hakuna mjadala.

Kabla hujatoka kwa muuza skrepa, mwombe akuruhusu kukata kipande kidogo cha upana wa kidole. Nyumbani kipashe, kizime kwenye mafuta, kibane kwenye vaisi, ukivunje kwa nyundo. Tazama ndani. Chembe laini za kijivu kama unga wa muhogo, chuma ni kizuri na moto ulikuwa sawa. Chembe kubwa zinazometa kama sukari, ulikipasha mno. Rudia na kipande kingine kwa moto mdogo zaidi. Kikigoma kuvunjika kabisa, kikakunjamana tu, wewe umeuziwa chuma laini kwa bei ya springi. Mrudishie leo leo, kabla hajahamisha lundo.